Nina 3,400,000, nataka kufungua duka dogo la nguo Mwanza. Nichukue fremu ya Buzuruga?

BintiWaNyakato

Habari zenu wakuu, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni dada wa miaka 28, naishi Nyakato. Nimefanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, upande wa kukata na kupanga. Mwezi wa tatu mkataba uliisha, haukuongezwa. Nimevunja kibubu, zamu yangu ya mchezo imefika, nimeuza na friji, jumla nina 3,400,000. Ndiyo pesa yangu yote. Nina mtoto wa miaka mitano ambaye Januari anaanza shule, kwa hiyo naomba mnishauri kama mnavyomshauri mdogo wenu wa damu.

Nataka kuuza nguo za kike na za watoto: madera, magauni ya kwenda kanisani, sketi za kazini, na seti za watoto wa mwaka mmoja hadi kumi. Nguo nazipenda na nazijua. Nilipokuwa kiwandani wenzangu walikuwa wananituma soko la mtumba la Mlango Mmoja siku yangu ya mapumziko niwachagulie, nami naweka elfu moja au mbili juu yangu.

Nimepata fremu Buzuruga, si mbali na stendi. Kodi ni 150,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 900,000. Dalali anataka yake ya mwezi mmoja, 150,000. Halafu kuna dada aliyemo ndani sasa hivi, anasema anahama na anaacha rafu zake na kioo, anataka kilemba cha 500,000. Jumla 1,550,000 kabla sijaweka hata nguo moja. Dalali ananipigia asubuhi na jioni, anasema kuna mtu mwingine anaitaka na mwisho ni Ijumaa.

Kwingine ni Kirumba, chumba kidogo karibu na njia ya kwenda Mwaloni, kwenye soko la samaki na dagaa, 70,000 kwa mwezi na mwenyewe anakubali miezi mitatu. Ila pale naogopa harufu ya dagaa, na naona wapitaji wengi ni wabeba mizigo na wavuvi. Sijui kama hao wananunua magauni.

Basi naomba kujua: nianze na mtumba au mali mpya ya spesho? Niingie Buzuruga au Kirumba? Na hii pesa inatosha, au najidanganya?

KijanaWaMakoroboi

Dada pole na hongera kwa kuthubutu. Mimi nilianza na kamba na turubai chini pale Makoroboi, mwaka 2021 machinga tulipopangwa upya nikahamia kwenye kibanda, sasa nina fremu ya mashati na suruali. Nitasema kuhusu mali mpya tu, mtumba wapo wanaoujua kuniliko.

Spesho ina uzuri mmoja: ukiuza dera moja rangi ya kijani, ukaona wanalitaka, unaagiza kumi mengine yaleyale. Mtumba ukiisha umeisha. Ila usiende Kariakoo peke yako na mtaji mdogo. Basi la Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwenda, na kurudi hivyohivyo, ukila na kulala, laki mbili na nusu imeondoka kabla hujavuka Mtaa wa Kongo. Sisi tuko wanne, anakwenda mmoja na orodha za wote, mzigo unapakiwa kwenye basi tunaupokea stendi ya Nyegezi. Gharama tunagawana kwa uzito wa kila mtu.

Jambo jingine ni saizi. Nguo za China zimeandikwa XXL lakini kifuani hazifiki hata saizi ya kati ya mama zetu wa Kisukuma. Mara ya kwanza nilileta magauni 24 ya hivyo. Kila mama akilishika analipenda, akilijaribu halipiti mabegani. Nilikaa nayo miezi mitano. Tangu hapo anayekwenda anabeba futi ya fundi cherehani shingoni na anapima kifua, nyonga na urefu wa kila muundo. Maandishi ya kwenye lebo hatuyasomi kabisa.

MamaWaMwaloni

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili. Nitaandika kwa urefu, unisamehe, jambo lako limenigusa kwa sababu mimi pia nilianza nikiwa na mtoto mgongoni.

Kwanza huyo dalali. Mwambie Ijumaa imepita. Fremu Mwanza hii hazijawahi kuisha na hazitaisha Ijumaa. Na hicho kilemba usikitoe kabla hujakaa na mwenye nyumba mwenyewe uso kwa uso, mbele ya huyo dada anayehama. Mwaka 2019 nilitoa 400,000 kwa mpangaji aliyekuwa anaondoka, nikabeba vitu vyangu nikaenda. Mwenye nyumba akaja akaniuliza wewe ni nani. Kumbe yule alikuwa anadaiwa kodi ya miezi mitatu, na zile rafu alizoniuzia zilikuwa za mwenye nyumba. Nililala na marobota yangu barazani kwa jirani siku mbili. Pesa sikurudishiwa hadi leo.

Sasa nije kwenye kitu ulichokiandika kwa mstari mmoja ukakipita. Umesema wenzako wa kiwandani walikuwa wanakutuma uwachagulie nguo, na wanakulipa juu. Mwanangu, hilo ndilo duka lako. Limeshafunguliwa, limebaki kukosa mlango tu. Wanawake wangapi? Saizi zao unazijua, unajua nani anavaa hijabu, nani ana mapacha, nani mumewe hapendi nguo fupi. Unajua mshahara unaingia tarehe ngapi. Mtu anayelipia fremu ya Buzuruga 150,000 anatafuta watu kama hao na hawapati. Wewe unao na unataka kuwaacha uende ukakae unawasubiri wapita njia usiowajua.

Mimi nilianika dagaa Mwaloni miaka sita kabla sijauza nguo. Nilipoanza nguo mwaka 2016 sikuwa na ujuzi wowote wa fasheni. Nilichokuwa nacho ni kwamba nilijua pesa ya Mwaloni inaingia lini na inatoka lini, na nitakueleza, kwa sababu umeuliza kama wavuvi na wabeba mizigo wananunua.

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene, dagaa wanakusanyika kwenye taa, wavuvi wanaingia ziwani kila usiku. Mwezi ukikua ukawaka, taa haina kazi tena, dagaa wametawanyika, mitumbwi inapanda mchangani. Hapo ndipo mahesabu yanafanywa na kila mvuvi anapewa chake. Kwa hiyo wakati wa kiza Kirumba kuna kazi nyingi na pesa mfukoni hakuna, kila mtu anakula kwa mkopo. Mbalamwezi ikifika wanatoka visiwani, wananyoa, wanataka suruali ya jinzi, fulana, kofia, viatu, na gauni la kumpelekea mtu nyumbani. Na kina mama wanaoanika na kuuza dagaa nao wanakuwa wameshalipwa mzigo wao, wanakumbuka mtoto hana sweta.

Ukutani kwangu kuna kalenda. Kila mwezi naweka alama siku ya mwezi mpevu, halafu nahesabu siku nne nyuma. Mzigo wangu lazima uwe umeshafika, umeshafuliwa, umepigwa pasi na kutundikwa kufikia siku hiyo ya nne nyuma. Siku za kiza nauza 20,000 mpaka 30,000, nyingine sifungui mkoba kabisa, nashona vifungo. Siku za mbalamwezi nimewahi kuuza 280,000 kwa siku moja kwenye chumba ambacho watu watatu wakiingia wa nne anasubiri nje. Mwenzangu alifungua jirani yangu, mali yake nzuri kuliko yangu, akaleta mzigo mkubwa mwanzo wa kiza. Wiki mbili anakaa anatazama barabara. Akakata tamaa akapunguza bei mpaka akauza chini ya alichonunulia, akafunga. Mwezi ulipowaka, fremu yake ilikuwa na kufuli.

Wenzako wa kiwandani wao wana mwezi wao mwingine, mwezi wa mshahara. Wanafunzi wa chuo cha SAUT kule Malimbe wana wa kwao, siku bumu, yaani pesa yao ya mkopo, likitoka. Wakulima wa pamba wanaokuja mjini kutoka Magu na Kwimba wana wa kwao, msimu wa kuuza ukianza kuanzia mwezi wa tano, wa sita. Kabla hujauliza fremu ni shilingi ngapi, uliza watu wanaopita mlangoni pake wanapata pesa siku gani. Usipojua hilo utanunua mzigo siku wateja wako hawana kitu, na siku wanazo wewe huna mzigo.

Harufu ya dagaa ni kweli ipo, sitakudanganya. Upepo wa mchana unatoka ziwani na unaileta yote mtaani. Nguo ya kitambaa kizito, hasa sweta na jinzi, inaishika. Kwa hiyo mimi nje natundika vichache vya kuonyesha tu na kuanzia saa sita mchana naviingiza. Zilizomo ndani zimefunikwa nailoni nyeupe. Hapa nikuonyeshe kitu ambacho hakuna aliyeniambia: chukua blauzi nyeusi iliyotundikwa nje miezi miwili ikitazama magharibi, igeuze begani. Utaona mstari wa rangi ya chai ya maziwa unaofuata umbo la hanga, kuanzia shingoni mpaka ncha ya bega. Jua limeila pale tu ambapo hanga imeinyanyua. Mbele na nyuma ni nyeusi kama mpya. Mteja haoni mpaka aivae nyumbani, na akishaona harudi kwako. Kila jioni mimi napokezanisha, ya nje inaingia, ya ndani inatoka.

Sasa mtumba. Usianze na belo, yaani robota zima. Nakuambia kwa hesabu zangu mwenyewe, daftari ninalo hapa mkononi. Belo langu la kwanza lilikuwa la nguo za watoto, kilo 45, 420,000. Tulilifungulia uani, nikahesabu vipande 260. Vizuri kabisa vilikuwa 60, niliuza 4,000 kila kimoja. Vya kati 120, niliuza 2,000. Vilivyobaki 80 vilikuwa na madoa, zipu mbovu, vingine nguo za baridi kali ya Ulaya ambazo mtoto wa hapa hata Julai havai, nilivitoa kwa 500. Ukijumlisha 520,000. Toa usafiri, sabuni na mkaa wa pasi 35,000. Nilibaki na faida ya 65,000 kwa kazi ya wiki saba. Na hilo lilikuwa belo zuri, wapo waliofungua wakalia.

Uliyokuwa unawafanyia wenzako ndiyo njia sahihi kwa mtaji wako. Nenda Mlango Mmoja alfajiri wanapofungua mabelo, chagua kipande kimojakimoja. Utakilipia zaidi kuliko mwenye belo, ndiyo, lakini hulipii takataka.

Ushauri wangu: chukua Kirumba miezi mitatu, 210,000. Au usichukue fremu kabisa miezi miwili ya mwanzo, uza kwa oda kwa wenzako wa kiwandani na watu wa mtaani kwako. Mzigo wa kwanza usizidi 1,200,000. Pesa ya ada ya mtoto na chakula cha miezi mitatu itoe, mpe mtu unayemwamini akae nayo. Iliyobaki ni ya mzigo wa pili, kwa sababu mzigo wa kwanza utakufundisha ulichokosea, na ukiwa umetumia yote hutakuwa na pesa ya kusahihisha.

BintiWaNyakato

Mama, shikamoo tena. Nimesoma nikanyanyuka nikaenda kukaa nje kwanza.

Nimewahesabu. Ninaowakumbuka kwa majina na saizi ni 34. Kulipwa wanalipwa kati ya tarehe 28 na tarehe 2. Sikuwahi kuwaona kama wateja, niliona ni wenzangu nawasaidia.

Ninachoogopa kwao ni mkopo. Nikiwa mmoja wao walikuwa wananipa pesa kwanza. Nikiwa na duka najua watasema chukua tarehe moja. Nikikataa wataniona nimebadilika.

Na wale mnaojua mambo ya leseni na TRA, kwa duka dogo hivi naanzia wapi?

Mhasibu_Ilemela

Dada, mimi nashika vitabu vya wafanyabiashara wadogo kadhaa. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure, nenda ofisi ya TRA mwenyewe na kitambulisho cha NIDA. Usimpe mtu wa kati pesa ya kukutafutia. Kwenye makadirio sema ukweli wa biashara yako na uanze daftari la mauzo na manunuzi siku ya kwanza, kwa sababu kwa mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu kodi huwa ndogo kuliko asiye nazo. Mauzo ya mwaka yasiyozidi 4,000,000 hayana kodi ya mapato, lakini usijipangie hapo: mauzo ya 30,000 kwa siku, mwaka mzima yanakaribia 11,000,000, na ukifika 11,000,000 unatakiwa uwe na mashine ya EFD ya kutolea risiti. Iweke kwenye hesabu mapema.

Leseni inatoka halmashauri ya mahali duka lilipo. Buzuruga na Kirumba zote ziko Manispaa ya Ilemela. Ungefungua Makoroboi ungekwenda Jiji, upande wa Nyamagana. Nimeona mtu amezungushwa wiki nzima kwa kupeleka maombi upande usio wake. Maombi siku hizi ni kwa mfumo wa TAUSI, na ofisi ya biashara wanakusaidia kujaza kama huna kompyuta.

Kinachowaumiza wengi ni pango. Mkataba wa fremu una ushuru wa stempu wa asilimia 1 na kodi ya zuio ya asilimia 10. Hiyo asilimia 10 ni kodi ya mwenye nyumba, wewe unaikata kwenye malipo yake na kuipeleka TRA. Kwa ile fremu ya 900,000 ungempa mwenye nyumba 810,000, TRA 90,000, na unampa stakabadhi. Wenye nyumba wengi hawataki, wanataka 900,000 yao kamili, halafu TRA ikija inamkuta mpangaji. Kwa hiyo liseme siku ya kwanza, liandikwe kwenye mkataba nani anailipa. Hata fremu ya 70,000 ni hivyohivyo.

Kama unaweza kuungana na kina mama wenzako, ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Hauna riba. Ni wa vikundi, na kina mama na vijana wamo. Ila usiutegemee kwa kuanzia, unachukua muda.

DukaBuhongwa

Naheshimu sana alichosema mama hapo juu, ila naomba nitofautiane naye kidogo kuhusu barabarani. Wapita njia nao ni wateja, inategemea ni wapita njia gani. Mimi niko Buhongwa. Zamani watu wa Sengerema walikuwa wanategemea kivuko cha Kigongo na Busisi, mtu akija mjini anaikimbilia foleni ya kurudi, hana muda wa kuangalia nguo. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 wanakuja na kurudi siku hiyohiyo bila presha. Anashuka kituoni, anaingia, anajaribu magauni manne. Wateja wangu wa Jumamosi wengi sasa ni wa ng'ambo, na wengi siwafahamu hata kwa sura.

Kwa hiyo sikatai Buzuruga. Nakataa kuingia bila kuhesabu. Mabasi makubwa yalipohamia Nyamhongolo, Buzuruga si ile ya zamani, na kodi wengine bado wanaitoza kama ya zamani. Kaa mbele ya hiyo fremu siku tatu, moja iwe Jumamosi, kuanzia saa nne mpaka saa mbili usiku. Usihesabu wanaopita. Hesabu wanawake wanaopita wakiwa wamebeba mfuko wa kitu walichonunua. Huyo ndiye ametoka nyumbani na pesa. Na muulize huyo dada kwa nini anahama. Akisema anakwenda kuolewa, waulize majirani wawili pia.

MamaWaMwaloni

DukaBuhongwa umesema vizuri, na hilo la mfuko mkononi nimelichukua. Hata hivyo kwa 3,400,000 bado simruhusu binti huyu kutoa 1,550,000 nje ya mzigo. Mtaji ukiwa mdogo unatakiwa uwe kwenye nguo, usiwe ukutani.

Mwanangu, kuhusu mkopo. Mimi mkopo sitoi, na sijagombana na mtu. Ninachofanya ni kuweka. Mteja anaona gauni la 18,000, hana. Namwandikia jina lake kwenye kipande cha boksi, nakifunga kwenye gauni kwa uzi, nalitoa kwenye hanga mbele ya macho yake, naliweka kwenye sanduku. Analipa 3,000 leo, 5,000 Jumanne. Likitimia anachukua. Likipita wiki sita hajatimiza, narudisha pesa yake yote na gauni linarudi kwenye hanga. Kina mama wa dagaa wanapenda sana hivi, maana pesa ikikaa nyumbani inaliwa. Wengine wananiletea hata kabla hawajachagua nguo, wananiambia mama nitunzie ya Krismasi. Wale 34 waambie hivyo tangu siku ya kwanza. Hutakuwa umewanyima, utakuwa umewawekea.

Wakilipa kwa simu, pata lipa namba ya jina lako, na usitoe nguo kwa kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mteja. Subiri ya kwako iingie, kisha angalia salio. Siku za mbalamwezi duka limejaa ndipo wale wa meseji za kutengeneza wanapokuja, na huwa wanavaa vizuri na wana haraka.

Mwezi mpevu unakuja Jumatano ijayo. Njoo siku yoyote kuanzia Jumatatu, ukae dukani kwangu kutwa nzima uone mwenyewe wavuvi wananunua nini, usisikilize maneno yangu tu. Nimekutumia ujumbe wa faragha namna ya kufika.

BintiWaNyakato

Ahsanteni sana wote, Mungu awabariki.

Jana na leo nimekaa Buzuruga kama mlivyosema. Leo kuanzia saa nne mpaka saa kumi nimehesabu wanawake 41 wenye mifuko, na 29 kati yao walikuwa na mboga au unga tu. Majirani wanasema huyo dada anahama kwa sababu ameshindwa kodi, na mwenye nyumba hana habari ya kilemba. Dalali nimemwambia ampe huyo mtu mwingine. Amekata simu.

Kirumba nimezungumza na mwenye chumba, hajakataa suala la kodi ya zuio, amesema twende naye TRA akaelezwe vizuri. Sijalipa bado. Wenzangu tisa wa kiwandani wameshaniagiza, sita wamenipa pesa mkononi na watatu nimewaambia habari ya kuweka, wamekubali. Alfajiri ya Jumamosi nakwenda Mlango Mmoja kuwachagulia.

Mama, Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa hapo. Futi ya fundi nimeshanunua. Nibebe kitu kingine?

MamaWaMwaloni

Njoo na sindano, uzi mweusi na mweupe, na vifungo vidogo vya shati. Jumatatu asubuhi bado ni kimya, tutashona.